Naomba ushauri: likizo ya Pasaka Tanga, tukiwa na watoto watatu na mama mkwe

Mama Watatu wa Dodoma

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na mume wangu tumepanga kuwapeleka watoto wetu baharini kwa mara ya kwanza katika likizo fupi ya shule, ambayo safari hii imeangukia Pasaka. Tutaondoka Dodoma alfajiri ya Alhamisi Kuu kwa gari letu, tupite Morogoro, Chalinze na Segera hadi Tanga, na kugeuza Jumatatu ya Pasaka. Tutakuwa watu sita: sisi wawili, watoto wa miaka 14, 10 na 6, pamoja na mama mkwe wangu mwenye miaka 68, ambaye magoti yanamsumbua na ambaye bahari aliiona mara moja tu, akiwa msichana, kupitia dirisha la basi.

Tumetenga shilingi 900,000, mafuta ya gari yakiwa kando. Linalonitia wasiwasi ni kwamba huo ndio wakati wa masika, na sipendi kuwafungia watoto chumbani siku tatu wakitazama mvua. Isitoshe, mume wangu ameona picha za Kisiwa cha Maziwe, kile cha Pangani, kusini mwa Tanga, na sasa hasikii jingine, ilhali hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea. Pia tumepata nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe anasema iko hatua chache kutoka baharini, lakini anataka fedha yote kabla hatujafika. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mzawa wa Chumbageni

Mama Watatu, karibuni Tanga. Kabla ya kuuliza habari za mvua, ulizeni habari za mwezi. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo kila mwaka sikukuu hiyo hutukuta ama ndani ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, ama maji yakiwa yameanza kuelekea kuwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Safari hii mwezi unapevuka Alhamisi hiyo mtakayokuwa njiani, na bamvua huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye, yaani Ijumaa na Jumamosi. Katika mwambao wetu, siku kama hizo maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na tofauti ya kina hupita mita 3.

Maana yake ni kwamba mkienda ufukweni baada ya chai, kama wafanyavyo wageni wengi, mtakuta tope, majani ya bahari na ngalawa zilizolala ubavu, na huyo mdogo wa miaka 6 atawauliza bahari imekwenda wapi. Asubuhi hizo watembezeni watoto miambani wakatazame kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, kisha mpumzike mchana, na kuogelea muende ufukwe wa Raskazone, hapa hapa mjini, kuanzia saa tisa alasiri. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 40 au 50. Jedwali la kupwa na kujaa hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, ila mvuvi yeyote mtakayemkuta pwani atawatajia saa bila kutazama karatasi.

Kuhusu masika, ni kweli Aprili hunyesha sana, lakini mvua ya huku huja kwa vipindi, na baina ya kipindi na kipindi jua hutoka kali kuliko mnavyodhani. Tatizo lake kubwa ni kuchafuka kwa maji karibu na midomo ya mito, maana mto ukishuka na udongo wa bara, bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Abiria wa Msata

Mimi ningewashauri mkatishie Bagamoyo. Mkitoka Chalinze mnafika Msata, mnakunja kulia kwenye lami na kushuka moja kwa moja, na mnaokoa saa kadhaa za njiani ambazo bibi mwenye magoti mabovu atawashukuru kwazo. Watoto watayaona magofu ya Kaole na misheni ya mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza.

Mzawa wa Chumbageni

Hoja ya umbali naikubali. Hata hivyo, Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini tu ya Bagamoyo, na Aprili ndipo unapokuja na udongo mwingi. Kwa mwenye kutaka historia, Bagamoyo haina mfano, lakini watoto hawa wanataka kuingia majini.

Nahodha Mstaafu, Pangani

Niseme kuhusu Maziwe, maana nimepeleka wageni huko kwa miaka mingi. Mume wako ana haki ya kukipenda. Ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, matumbawe yake ni mazuri, na kwa kuwa kisiwa ni fungu la mchanga tu, hakuna pahali pengine mwambaoni mtakaposimama na bahari ikiwazunguka kila upande namna ile. Wazee wetu walikijua kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga, lakini bahari ilikula ardhi hadi miti yote ikaisha. Leo hakuna kivuli wala tone la maji baridi.

Bamvua ambayo mwenzangu anawaonya nayo ndiyo inayofaa Maziwe, kwa sababu mchanga hujitokeza wazi asubuhi maji yanapokupwa. Ila maji yakianza kurudi hayangoji mtu. Siku moja nilipeleka familia iliyotandika mkeka wake katikati ya fungu, ikapika chai na kujilaza. Nilipowaambia tuondoke, baba mwenye familia alinijibu kwamba wamelipia siku nzima. Hatukumaliza kubishana, mama mmoja akapiga ukelele: birika lilikuwa linaelea, mfuniko ukigongagonga, na pembe moja ya mkeka ilikuwa imekwisha kulowa. Tulipanda botini maji yakiwa magotini, watoto wakilia.

Kwa hiyo, kama mtakwenda, iwe Jumamosi, mtoke Pangani mapema asubuhi na muwe mmekwisha kuondoka kisiwani kabla ya adhuhuri. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea linalomtosha, na la mtoto liwe la kitoto, kwa maana la mtu mzima humchomoka kichwani anapotumbukia. Yahesabuni majaketi wenyewe kabla ya kulipa. Upepo wa kusi huanza kujitia katika mwezi huo, hivyo nahodha akisema bahari si nzuri, msimbembeleze wala msimwongeze fedha. Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka 6 na bibi wabaki nchi kavu.

Mpangaji Aliyeungua

Kuhusu nyumba, msilipe yote. Mwaka juzi nililipa kamili kwa nyumba ya picha nzuri, nikafika saa nne asubuhi nikiwa na watoto wanne, na bahari ilikuwa ng'ambo ya matope ambayo hata mbwa wa mwenye nyumba hakuyakanyaga. Picha ilipigwa jioni ya bamvua. Toeni kidogo cha kushika nafasi, mwombeni awapigie video saa ya maji kupwa, kisha muulize kama kuna vyandarua na kama maji ya bomba yanatoka. Akikataa video, mmekwisha kupata jibu. Lakini msichelewe, kwa sababu vyumba vya Pasaka huisha mapema.

Mama Watatu wa Dodoma

Nawashukuru mno. Nimemsomea mume wangu habari ya birika, akacheka, kisha akanyamaza. Tumeafikiana kwamba Jumamosi yeye na watoto wawili wakubwa waende Maziwe, nami nibaki na mdogo na mama mkwe. Mwenye nyumba ameikataa video, kwa hiyo tunatafuta chumba cha familia karibu na Raskazone. Sasa naomba kujua, sisi tutakaobaki tutafanya nini? Nimesikia habari za Mapango ya Amboni.

Shangazi wa Ngamiani

Mwanangu, Amboni ni karibu, kama kilomita 8 tu kutoka mjini, lakini kwa magoti hayo hapana. Ndani kuna sehemu za kuinama na kupenya, na baada ya mvua njia huteleza. Mpeleke mama Tongoni, katika barabara ya Pangani, akaone msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Unafika na gari hadi karibu, kuna miti, na upepo wa bahari unampata akiwa ameketi. Wakati wa kurudi pitia soko la samaki la Deep Sea, mchague changu mwenye macho maangavu, na mumpate mtu wa kuwapikia samaki wa kupaka kwa nazi. Jioni mpeleke ufukweni maji yakiwa yamejaa, aketi kwenye kiti cha plastiki maji yakimfikia vifundoni. Watoto wote wavae yeboyebo, kwa sababu kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wao hukatikia mguuni.

Mama Watatu wa Dodoma

Shikamoo, Shangazi. Mama anasema yeboyebo ni viatu vya watoto na kwamba yeye ataingia na kandambili zake. Je, zinafaa?

Shangazi wa Ngamiani

Marahaba. Hazifai, zitabaki kwenye tope naye aendelee mbele peku. Mwambie mimi nina miaka 71 na ninazo jozi mbili, moja ya zambarau.