Sindano ya kupunguza mwili: hamu ya zege (chipsi mayai) inarudi kila Jumatano, ni kawaida?

Mama_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Nina kilo 97, daktari kaniandikia semaglutide, najichoma mwenyewe tumboni kila Ijumaa. Mwezi wa kwanza miligramu 0.25, sasa niko wiki ya pili ya 0.5.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa zege. Saa tatu usiku nikisikia mafuta yanalia kwenye karai la yule kijana wa kituoni, miguu inanipeleka yenyewe. Siku hizi Jumamosi hadi Jumanne napita pale kama napita duka la vipuri. Juzi Jumatatu nilinunua kwa mazoea tu, vipande vitatu mayai yakanikinai, nikampa mlinzi. Ila Jumatano usiku uchu unarudi, mpaka harufu ya kachumbari naisikia nikiwa kitandani. Dawa inaisha mwilini? Nichome mapema?

Mfamasia_Mstaafu
Dada, usiguse ratiba. Baada ya siku saba karibu nusu ya dawa bado imo mwilini, ndiyo maana inachomwa mara moja kwa wiki. Inaiga GLP-1, homoni ambayo utumbo hutoa ukishakula: tumbo linachelewa kumwaga chakula, ubongo unaambiwa umeshiba. 0.25 ilikuwa ya kuuzoesha mwili tu. Kwa unene dozi hupandishwa polepole, miezi kadhaa, hadi 2.4, na anayepandisha ni daktari. Ukijiongezea utatapika nyongo.

Konda_Mstaarabu
Kijana wa watu anajua biashara yake inapigwa vita kutoka Denmark, ilikobuniwa hiyo sindano?

Bibi_Kilo
Mama Sinza, Jumatano mchana unakula nini? Mimi dawa ilinisahaulisha kula kabisa, usiku nikawa nadhani nina uchu kumbe ni njaa. Nikaanza kula mayai mawili ya kuchemsha saa saba, ikatulia. Baadaye hela ilikata nikaacha sindano. Mwezi wa pili nikajikuta saa tano usiku nakula wali wa baridi kwenye sufuria, nimesimama. Kati ya kilo 11 nilizopunguza, 6 zimerudi.

Mama_Sinza
Bibi, umenipata. Jumatano nafunga hesabu dukani, nafika jioni na chai ya rangi na kipande cha muhogo. Maharage nimeshaloweka.
Konda, kijana anauza kachumbari peke yake?

Konda_Mstaarabu
Anauza, ila atakuangalia vibaya.