Mjadala: Je, Biff Loman ndiye aliyemuua baba yake?

Wadau, tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1949, Death of a Salesman, ikijadiliwa, hakosekani wa kumbebesha Biff lawama. Kijana wa miaka 34, hana kazi ya kueleweka, anarudi kwao Brooklyn, anamwambia baba yake Willy mbele ya familia kwamba wao wawili ni watu wa kawaida tu, hawana ukubwa wowote. Usiku huohuo mzee anawasha gari na kwenda kufa. Eti angenyamaza, mzee angeishi.

Napinga kabisa. Willy alishaanza kukitafuta kifo kabla Biff hajafungua mdomo. Chini ya nyumba alikuwa ameficha kibomba cha mpira cha kuvutia gesi ajiue, na mkewe Linda alijua. Kila siku Linda anakitoa, na kila mumewe anaporudi anakirudisha palepale, asije akamwaibisha. Hebu litafakarini hilo! Aliyekichukua kile kibomba akakibwaga mezani wazungumze ni Biff.

Tena alianza kwa kujianika mwenyewe: kwamba alifungwa miezi mitatu kwa kuiba suti, na kwamba kwa Bill Oliver, mwajiri wake wa zamani, hakuwa muuzaji kama nyumbani walivyojiaminisha, alikuwa karani wa kupakia mizigo. Mnaosema alimvua nguo mzee mmesahau Boston. Akiwa mwanafunzi alimfumania baba yake hotelini na mwanamke mwingine, akarudi akachoma viatu alivyoviandika jina la chuo alichotamani kusoma. Siri hiyo hakumwambia mama yake, na hata usiku ule wa ugomvi hakuitaja. Alimsitiri baba yake mpaka mwisho.

Biff alimalizia kwa kulia mikononi mwa baba yake. Willy akaona kwamba kumbe mwanawe anampenda, na hapohapo akaanza kupiga hesabu: akifa, dola 20,000 za bima yake ya maisha zitamfanya Biff awe mtu mkubwa. Aliambiwa aiache ndoto ya ukubwa, akaamua kuinunua kwa roho yake. Kosa la Biff hapo ni lipi?

Ninapokwama ni mgahawani, jioni hiyohiyo kabla ya ugomvi wa nyumbani, walikokutana na baba yao kula. Biff aliondoka akamwacha mzee chooni anaongea peke yake, na mdogo wake Happy akamkana mbele ya wasichana kwamba huyo si baba yake. Biff alikuwa na hasira na uchungu, najua, lakini pale nashindwa kumtetea. Mwenye utetezi aulete, na anayemtia hatiani kwa yale ya nyumbani aje na ushahidi kutoka jukwaani.