Tupeane uzoefu: zaka, malimbuko na shukrani, mnapangaje msiyumbe katikati ya mwaka?

Mwanzisha mada: Bwana asifiwe wapendwa. Januari tunajaza kadi za ahadi za matoleo ya mwaka kwa shangwe, ikifika Juni bahasha zinalala kabatini. Mahubiri tunayo ya kutosha. Hapa tuwekeane utaratibu: unahesabuje, unatenga lini, wapi panaharibika.

Muuza duka: Kosa kubwa ni kutoa zaka, yaani fungu la kumi, kwenye mauzo. Chukua siku uliyouza 180,000. Bidhaa zilizotoka zilikugharimu 150,000, hiyo ni mtaji, irudi kununua mzigo. Zimebaki 30,000. Toa pango la siku, umeme na nauli, tuseme 8,000. Faida ni 22,000, zaka 2,200. Ukitoa kumi ya mauzo hapo ni 18,000, umebakiwa na 4,000 ya kula na familia. Miezi michache rafu nyeupe, na shetani anasingiziwa bure.

Unga na sukari uliyobeba kwenda nyumbani andika kama mauzo, la sivyo faida unayoiona si ya kweli. Tenga jioni unapofunga hesabu, kwenye kopo lake. Ukisubiri mwisho wa mwezi itakuwa imeshaingia kwenye mzigo. Paulo naye aliwaambia Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, ili michango isianze kutafutwa akishafika (1 Kor 16:2).

Mwajiriwa: Kwa mshahara swali ni kabla ya makato au baada. Chagua moja, ushike. Ukitoa kwenye jumla kabla ya makato, pensheni uliyokatwa imeshatolewa zaka. Ukitoa kwenye unachopokea mkononi, kumbuka siku mafao yakilipwa. Mkopo si pato, ni pesa ya watu. Usiutolee zaka.

Mkulima: Ndugu zangu, malimbuko na zaka msivichanganye. Malimbuko ni ya kwanza kuiva, kapu moja, hayangoji mavuno yaishe (Kumbukumbu la Torati 26:2). Zaka hupimwa ukishapukuchua: kila debe la kumi linawekwa pembeni papo hapo, kabla dalali hajafika na mzani wake.

Halafu tusipeleke mahindi mabichi madhabahuni. Gunia moja lenye unyevu linaota ukungu na kuharibu ya wenzako yaliyopangwa nalo, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Pima hivi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha turubaini. Malaki aliwakemea waliopeleka wanyama vilema (1:8), na punje zilizotobolewa na dumuzi, mdudu wa ghalani, ni yale yale.

Mhazini wa usharika: Naongezea mawili. Ukituma kwa simu, andika namba yako ya bahasha na aina ya toleo. Muamala usio na maelezo unaingia sadaka ya kawaida, mwisho wa mwaka kadi yako inasoma deni. La pili ni mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, baada ya ibada. Mkungu wa ndizi au jogoo anapanda bei kwa furaha, mnunuzi anasema "nitaleta Jumapili ijayo", ndiyo basi tena. Karani aandike jina, kitu na bei, mtu alipe kabla hajabeba. Anayerudisha kitu alichonunua ili kinadiwe upya, naye alipe kwanza bei yake.

Mama wa jumuiya: Shukrani isiwe ya pesa tu. Kwenye sala ya jioni kila mtoto ataje kitu kimoja cha leo, akitaje kwa jina. "Asante kwa yote" hatuipokei. Afadhali "asante bibi amekula ugali leo". Na ukisimama kushuhudia kanisani, andika sentensi tano kabla, dakika mbili zinatosha. Ugonjwa wa mtu mwingine usiutaje bila ruhusa yake, hata kama amepona.