Wavu wa kutengenezea karatasi ya magugu maji, upande upi unakaa juu?

igoma_karatasi:
Wakuu habarini, sisi ni kikundi hapa Igoma Mwanza tunatengeneza karatasi za mkono kwa magugu maji ya ziwani tunachanganya na maboksi chakavu. Fremu tulizivalisha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, sasa ukilowa unalegea karatasi inatoka na kitambi, halafu ukibandua nyuzinyuzi zinabaki zimeng'ang'ania matunduni. Kuna jamaa wa skrepa ana kipande cha wavu wa plastiki wa mashine kubwa za karatasi, upande mmoja laini mwingine una nyuzi nene. Nichukue? Upande upi ukae juu? Mwingine ananishauri nitumie nyavu ya dagaa.

fundi_skrini:
Nyavu ya dagaa inashika dagaa mkuu, palpu yako (rojo la nyuzinyuzi) yote itarudi kwenye beseni 😂

mstaafu_mgololo:
Chukua. Sisi kiwandani kwenye karatasi tulikuwa tunauita waya tu, ingawa nyavu za shaba zilishapitwa zamani, hizi ni poliesta. Upande laini ndio juu, palpu ikimwagwa pale karibu asilimia 99 ni maji matupu, sasa zile nyuzi nyembamba zilizosongamana ndo zinaizuia isipite na maji na karatasi haitoki na alama. Nene za chini ni za kusuguana na rola za mashine, huko wanapenda kuchanganya na nailoni maana inavumilia msuguano, ila nailoni ikilowa inatanuka, kwa hiyo poliesta ndo inashikilia umbo. Ukikuta za chini zimelika zimekuwa bapa usijali, wewe huna rola. Kagua mikunjo! Mkunjo ukishaingia hautoki, kila karatasi itakuwa na mstari.

igoma_karatasi:
Shukrani mzee. Kuukata je, hautafumuka?

mstaafu_mgololo:
Utafumuka, kata kwa kisu cha moto pembeni zishikane. Na kama magugu mnachemsha na kostiki soda, suuzeni palpu vizuri kabla haijagusa wavu, soda kali ikiwa ya moto inaila poliesta. Ukiziba piga maji ya presha kutokea chini, msisugue na brashi ya chuma.

fundi_skrini:
Kipande kina upana gani? Kikibaki nistue, nataka kujaribu.