Tupeane uzoefu: msitu wa Pugu, masika hadi kiangazi

Mkazi wa Ukonga: Wakuu, salaam. Mvua ya usiku wa kuamkia leo imenikumbusha harufu ya majani yaliyolowa katika hifadhi ya msitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hapa nje kidogo ya Dar es Salaam. Wengi wetu tunaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe, ilhali msitu wenyewe uko hapo mbele tu, njia ya Kisarawe. Naomba kila aliyewahi kuingia aeleze alichokiona, na ulikuwa msimu gani.

Mama wa Chanika: Kipupwe, bila shaka. Mwezi wa Julai njia zimekauka, jua halichomi, na watoto hutembea kandokando ya Bwawa la Minaki bila kunung'unika.

Mwalimu Mstaafu: Mimi nitaeleza Aprili. Nilikwenda na mpwa wangu, bila kiongozi, kuona popo wakitoka jioni katika mapango yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini. Popo tuliwaona, wakimiminika kama moshi, lakini tulipogeuka kurudi mvua ilishuka kwa nguvu, giza likaingia, na njia tuliyojia ikawa kijito. Tukajibanza chini ya mti mkubwa, tusijue kwamba tumesimama juu ya msafara wa siafu. Siafu hawaumi wakati wanapanda. Nilihisi kama matone ya mvua yakinitambaa miguuni, kisha wakang'ata kwa pamoja, kuanzia kifundo cha mguu hadi kiunoni. Mpwa wangu alikimbia akipiga mayowe na kuacha ndala zake, nami nikamfuata kwa sauti tu, kwa sababu simuoni, hadi askari wa misitu alipotumulika kwa tochi. Kesho yake mke wangu alipofua suruali alikuta vichwa vya siafu vingali vimeng'ata mshono, miili imekwisha kukatika.

Jirani wa Gongo la Mboto: Shikamoo mwalimu, na pole sana. Vichwa hivyo navijua.

Kijana wa Mbagala: Kwa heshima zote, mzee, hapo kosa si la siafu. Kuingia hifadhini bila kiongozi, tena na mtoto aliyevaa ndala, ni hatari, na ningeomba watu wasishawishiwe kwenda huko wakati wa masika.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, jirani. Kuhusu kiongozi, mwanangu wa Mbagala, nakubali, na tangu siku ile siingii bila yeye. Kuhusu masika sikubali hata kidogo. Anayeingia mwezi wa Julai tu hajaona uyoga ulivyochipua kwenye magogo, wala hajasikia vyura wakiitikiana hadi mtu na mwenzake hawasikilizani.

Jirani wa Gongo la Mboto: Ukivamiwa, kimbia kwanza utoke kwenye msafara wao, ndipo uvue nguo.

Mama wa Chanika: Hapana, vua hapohapo; aibu utaishughulikia baadaye. Na suruali ichomekwe ndani ya soksi kabla ya kuondoka nyumbani.

Mpenda Ndege: Tusisahau misimu mingine. Wakati wa vuli kiongozi alitumulikia komba wa Rondo, mnyama wa takribani gramu 60, ambaye mkia wake umefumka kama burashi ya kuoshea chupa. Februari, majani yakiwa yamepungua, nilimwona hondohondo ambaye sauti yake hulia kama mtoto mchanga, na siku hiyohiyo nikakuta tanuri la mkaa likifuka, pembeni yake kisiki kikiwa bado kinatoa utomvu. Nilikuwa napikia mkaa, na sikuuliza hata siku moja unatoka wapi. Wiki ile nilinunua jiko la gesi.

Kijana wa Mbagala: Hilo la mkaa limenigusa kuliko siafu. Mwalimu, samahani kama nilisema kwa ukali. Mpwa wako aliwahi kurudi?

Mwalimu Mstaafu: Alirudi Julai ileile, njia zikiwa kavu kabisa, na alivaa buti za mpira.