Kuku wa kienyeji wanamaliza mchicha na kuchafua baraza, nisaidieni

MkulimaKihonda: Habari zenu wakuu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Morogoro. Sipendi kuwafungia kutwa, maana wakijitafutia wadudu na majani, pumba ya kununua inapungua. Ila kuna sehemu mbili nataka wasifike: tuta la mchicha nyuma ya jiko, na baraza. Mchicha hawaudonoi tu, wanauparua mpaka mizizi inabaki juu, hasa nikishamwagilia. Barazani wanajilaza mchana kutwa, kinyesi kila mahali. Nimezungushia tuta matawi ya miiba, wanapenya kwa chini. Nifanyeje?

BiMfugaji: Pole mwanangu. Udongo wenye maji na samadi una minyoo, hawatauacha hata ukiwafukuza kutwa. Zungushia wavu wa kuku wenye matundu madogo, ufike kifuani kwa mtu mzima, chini uufukie kina cha kiganja. Juu usipigilie ubao wala fito. Kuku akitaka kuvuka ua hutua kwanza juu yake, ndipo ashukie ndani. Wavu ukilegea juu, anakosa pa kukanyaga.

Nyamagana: Wavu wa dukani ukikushinda bei, tafuta nyavu chakavu za kuvulia. Huku Mwanza tunazitumia sana. Uzivute zikaze, zikilegea chini vifaranga wananasa miguu.

KijanaWaUfugaji: Kata manyoya marefu ya bawa moja tu, akiruka anayumba. Yakinyonyoka yanaota mengine, utarudia.

BiMfugaji: Kwa kuku wanaozurura siungi mkono. Mbwa akimkurupusha, atarukia wapi?

MamaWawili: Baraza wanalipendea kivuli na makombo. Msikung'utie mikeka hapo. Chini ya mti ulio mbali na nyumba waandalie mchanga mkavu uliochanganywa na majivu wajioge, na pumba yao wamwagie hukohuko, kila siku mahali palepale. Watahamia wenyewe. Na tafadhali, asije mtu akakushauri kuweka sumu, kuna watoto.

MkulimaKihonda: Asanteni sana. Bawa sikati, mbwa mtaani ni wengi. Mwembe ninao, pumba nahamishia huko leo jioni. BiMfugaji, nguzo za wavu niachanishe kiasi gani?

BiMfugaji: Hatua mbili mbili mwanangu, na za kwenye kona uzishindilie kwa mawe. Mlango uache upande wa jiko, uwe unauona ukipika.