Pikipiki inalia "tak... tak", fundi anataka kufungua injini

Boda wa Uyole: Habari za leo wakuu. Nina pikipiki ya cc 150, napigia boda hapa Mbeya. Tangu juzi inalia tak... tak... tak, nikiongeza mwendo na yenyewe inaharakisha. Fundi kaisikiliza dakika mbili tu, kasema tapeti za valvu au cheni ya taimingi, vyote vya ndani, tufungue injini. Nguvu iko vilevile, oili ipo, moshi hakuna. Nimpe kazi?

Kuku Mgeni: Uza hiyo.

Mzee Spana: Huyo muache. Ikiwa imesimama, iko nyutro, ukivuta mafuta inalia?

Boda wa Uyole: Hapana mkuu, kimya kabisa.

Mzee Spana: Sasa tapeti inaingiaje? Tapeti hugonga injini ikizunguka, hata ukiwa umepaki. Tafuta mteremko mfupi wa mtaani (si Mlima Nyoka na malori yake!), zima injini, weka nyutro, iache iserereke. Ikilia, ugonjwa uko nje ya injini.

Dada Gia: Naongezea. Ipandishe stendi kubwa, injini imezimwa, ipo nyutro. Piga alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, zungusha kwa mkono huku unahesabu. Ikigonga kila mzunguko, kagua beringi, breki na sproketi ya nyuma (lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni). Ikigonga kila baada ya karibu mizunguko mitatu, ni cheni ya nje inayozungusha tairi, si ya taimingi. Mfano sproketi ina meno 42 na cheni pingili 118: pingili moja hurudi palepale baada ya mizunguko 2.8. Vidole mbali na sproketi, mimi kucha yangu ilishaondoka.

Boda wa Uyole: Nimerudi. Mteremkoni imelia. Kwenye stendi nimehesabu, karibu mitatu! Nimefungua kava la cheni, kumbe kibanio cha pingili ya kuungia kimechomoka upande mmoja, kinakwangua kava. Cheni nilifungiwa mpya wiki iliyopita, nilisahau kusema.

Mzee Spana: Umesahau! Usiiendeshe hata mita moja. Kikitoka chote cheni itaachia, ikijisokota inafunga tairi la nyuma, na wewe una abiria. Weka kibanio kipya: upande uliofungwa utangulie cheni inakokwenda, uwazi ubaki nyuma.

Dada Gia: Chako kilikaaje?

Boda wa Uyole: Uwazi ndio ulitangulia, dada. Nimemtuma dogo dukani. Fundi wa injini keshapiga simu mara mbili, anauliza naleta saa ngapi.